Video Iliyosubiri Sauti

Jumamosi asubuhi, Skolastika akichambua mchele sebuleni, video ya mazishi ya Bi Katarina ilikwama tena. Ungo ulikuwa mapajani, macho yakiwa kwenye kompyuta, vidole vikitoa mawe vyenyewe kwa mazoea. Jeneza lilitoka mlangoni vizuri. Likapita mbele ya duka la jirani vizuri. Lilipoingia barabara ya makaburini, picha ikaanza kigugumizi: wabebaji wakainua mguu, wakaurudisha palepale, wakauinua tena. Walipofika kaburini ikasimama kabisa.

Skolastika hakuhangaika. Ikisimama pale ilikuwa na kawaida ya kukaa, nao mchele ulikuwa mwingi.

Waombolezaji waliomo kwenye video nao walishazoea. Mama mmoja wa gauni la kitenge aliketi juu ya tofali, akavua kiatu na kukung'uta mchanga. Padri alitazama saa yake, akasogea kwenye kivuli cha mwavuli wa mtu. Wawili watatu walitoka nje ya picha na kurudi na jagi la maji. Aliyeganda alikuwa mmoja tu, katikati ya kioo: Mzee Shamte wa Miteja, mtani wa ukoo ule tangu enzi za mababu, amejifunga kanga ya marehemu, ameegemea fimbo ya marehemu, mdomo wazi.

Nyumba ile ya Rasbura, mjini Lindi, ya tofali za saruji na bati la bluu, Bi Katarina aliijenga mwenyewe kwa miaka ya kuuza samaki wa kukaanga. Skolastika hakumzaa. Alikuwa mtoto wa mdogo wake, aliyefia Nyangamara akimwacha mwanawe angali ananyonya. Dada mtu akapanda gari, akamchukua mtoto, akashuka naye Lindi, na tangu hapo Skolastika hakujua mama mwingine. Watoto wa kuzaa walikuwa wawili. Kornelio alikuwa Dar es Salaam na Agnes aliolewa Masasi. Hao walikuja Krismasi, wakaondoka na korosho.

Kisha Bi Katarina akapata kiharusi. Upande mmoja ulilala, na sauti ikaenda nao. Daktari alisema sauti haikupotea, imekosa njia tu. Skolastika ndiye aliyemgeuza kitandani, aliyemlisha uji kwa kijiko, aliyekosa kuolewa kwa sababu mposaji hakutaka kuhamia kwa mgonjwa. Katika siku zake za mwisho Bi Katarina alikuwa akiinua mkono mzima, akionyesha kuta, halafu dari, halafu Skolastika. Alifanya hivyo tena na tena, machozi yakimtoka. Kornelio alipoambiwa, alisema Mama anaonyesha mahali panapovuja, akatuma mtu aje kuziba bati.

Siku ya kumaliza matanga ukoo ulikaa. Mjomba Ambrosi, kaka wa marehemu, ndiye aliyeongoza, maana kwa watu wale neno la mjomba ndilo la mwisho. Ikaamuliwa kwamba nyumba aichukue Kornelio, ambaye alitaka kuigeuza nyumba ya kulala wageni, kwa vile mji unakua. Skolastika angekaa humo mpaka misa ya kumbukumbu ya mwaka, kisha atafutiwe pa kwenda. Mwaka ulikuwa unaelekea kutimia, na hakuna aliyekuwa ameanza kutafuta. Skolastika hakuwa na kwingine. Nyangamara alikozaliwa hakujua hata njia ya kuingilia kijijini.

Kompyuta ilikuwa ya Kornelio, ya zamani ya ofisini kwake. Aliileta ili Mama mgonjwa awe anaona sura za wajukuu, na kweli walikuwa wakimpungia mikono humo, naye akiwatazama. Alipofariki, mpiga picha wa mjini alileta video ya mazishi kwenye flashi, na Skolastika akaanza kuiangalia kila alipokuwa na kazi ya kukaa. Alitaka kuona makaburini. Siku ile hakufika. Aliachwa nyumbani kusimamia masufuria ya waombolezaji, maana ndiye aliyejua chumvi iko wapi.

Kornelio akapiga simu kutoka Dar.

"Skola, ndugu watakuja kwenye kumbukumbu. Nataka wakitoka misani wakae sebuleni waangalie mazishi ya Mama, watu wengine hawakuwahi. Hiyo video bado inakwama?"

"Bado, kaka."

"Mtafute fundi basi. Tusiaibike."

Fundi aliyepatikana alikuwa Lukas, mtu mzima mwenye kibanda chake karibu na soko kuu, mpole, mwenye tabia ya kuzungumza na mashine zaidi kuliko na wenyewe. Alifika na begi, akaamkia, akaondoa kitambaa cha kufuma kilichofunika kompyuta na kukikunja vizuri. Akaiwasha. Akaangalia video ikikwama mpaka mama wa kitenge alipoketi kwenye tofali.

"Fremu haijaganda yote," alisema. "Imeganda kwa huyu mzee peke yake. Kwa kawaida huganda yote."

"Ndivyo ilivyo tangu mwanzo," Skolastika alisema.

"Sawa. Tuanze na yale mepesi."

Akaizima na kuiwasha upya. Akafunga programu zote zilizokuwa zikifanya kazi chinichini bila kutumwa, na zilikuwa nyingi, kwani mashine ya ofisini haikosi wapambe. Akaihamisha video kutoka kwenye flashi na kuiweka ndani ya kompyuta, isije ikawa flashi ndiyo inayochelewesha. Jeneza likatoka mlangoni, likafika barabarani, likashikwa na kigugumizi. Akaleta programu nyingine ya kuchezea video. Mambo yakawa yaleyale, isipokuwa safari hii padri alikuwa amekaa chini.

Siku iliyofuata alirudi na bisibisi. Akafungua boksi, akatoa vumbi kwa brashi ya kupakia rangi, akakuta mayai ya mjusi chini ya feni na kuyahamishia dirishani kwa uangalifu. Akaongeza memori. Akasasisha dreva, programu inayoendesha kadi ya picha, kwa intaneti ya simu yake, kazi iliyokula mchana mzima, Skolastika akimletea chai na mihogo. Kompyuta ikawa nyepesi, inafunguka upesi kuliko ilipokuwa mpya. Video ikakwama palepale. Kivuli cha mwavuli makaburini kilikuwa kimegeuka upande, kwani jua la mle nalo lilikuwa linaelekea alasiri.

Lukas alizitazama spika. Fundi mwingine angesema nunua mashine mpya. Yeye alinyoosha mkono, akazima sauti.

Picha ikaenda.

Ilikwenda laini, bila hata kushtuka. Mama wa kitenge akavaa kiatu chake na kusimama. Shamte akafunga mdomo, akaufungua, akaongea maneno marefu. Alitembea kwa kuburura mguu mmoja, vilevile alivyoburura Bi Katarina, akamnyooshea Kornelio fimbo, kisha akageuka na kuinyoosha upande wa mjini, upande wa Rasbura. Watu wote wakacheka. Agnes alicheka mpaka akajifuta macho kwa leso, halafu akaacha kucheka ghafla na kutazama chini. Kornelio alicheka kidogo, akaingiza simu mfukoni.

"Anasema nini?" Skolastika aliuliza.

"Hilo ndilo tatizo lenyewe, dada," Lukas alisema. "Picha huifuata sauti. Ndivyo zilivyotengenezwa. Sauti ikichelewa, picha inasimama kuingoja. Mashine yako ni nzima. Video nayo nzima. Ila kuanzia hapa sauti haimo, kuna mtu ameondoka nayo."

"Nani?"

Lukas alikionyesha kioo, pale aliposimama Shamte na kanga yake. Kisha akarudisha vifaa kwenye begi.

Hapa inafaa kueleza, kwa asiyejua mila za huko, kwamba mtani ndiye mwenye msiba. Wafiwa wanalia, yeye anacheza. Hujilaza kaburini na kukataa kutoka mpaka aahidiwe kuku. Huvaa nguo za marehemu na kumuiga anavyokohoa, anavyotembea, anavyogombeza watu. Akichukua kitu cha msibani, ni chake mpaka wafiwa wakikomboe. Naye hakasirikiwi. Akikuita mchawi, unacheka. Akikuita mchoyo mbele ya padri, unacheka. Anayenuna kwa maneno ya mtani anauvunjia ukoo wake heshima. Na yaliyosemwa na mtani makaburini huachwa hukohuko, hayarudi nyumbani na masufuria. Ndiyo maana katika mwaka mzima hakuna aliyemwambia Skolastika kilichochekwa.

Alitafuta namba ya Shamte, akapiga. Ilikuwa saa nane mchana, amesimama dirishani.

"Haloo," ilisema sauti ya Bi Katarina.

Ilikuwa ni yenyewe, ile nene ya kabla ya kiharusi, iliyozoea kuita wateja barabarani. Skolastika aliketi.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Anua makopa kwanza. Hiyo mvua haina subira."

Aliweka simu mezani bila kuikata, akatoka uani, akakusanya mihogo yote iliyoanikwa kwenye jamvi na kuiingiza jikoni. Mvua ikashuka kipande cha mwisho kikiwa mkononi. Akarudi, akakuta simu bado hewani. Akafuta machozi kwa upindo wa kanga, si kwa mshangao bali kwa kukumbuka, maana hakuna aliyemkumbusha kuanua kitu tangu Mama alale.

"Nimeanua."

"Haya. Ngoja nimwachie mwenye simu."

Sauti ileile ikakohoa, ikasema, "Asalaam aleikum, mtani. Ni mimi Shamte."

Alieleza kwa kifupi. Siku ile kaburini alifungua mdomo amuige marehemu, ikatoka sauti ya marehemu yenyewe. Watu wakamsifu kwamba amemuiga hasa. Kanga aliirudisha, fimbo aliirudisha, wafiwa walivikomboa kwa kuku. Sauti hakuna aliyeidai, akaona basi, wamemwachia. Tangu hapo hakuisikia tena ya kwake. Kule Miteja walishazoea. Kazi yake ya kuadhini msikitini ameichukua mwenzake Yahya, kwa kuwa si vizuri sauti ya mwanamke ipande kwenye spika. Mkewe hana malalamiko. Anasema hii mpya inamsaidia kujua bei za samaki.

"Ilisema nini pale makaburini?" Skolastika aliuliza.

"Ya makaburini hayasemwi kwenye simu, mtani. Nitakuja siku ya kumbukumbu. Muwe na kuku, nami nitamchinja mwenyewe."

Siku ya kumbukumbu ikafika. Kornelio na Agnes walilala nyumbani. Agnes alimsaidia Skolastika kumenya vitunguu tangu alfajiri bila kumtazama usoni, na kila Skolastika alipofungua kinywa, Agnes alikwenda kuchota maji. Ndoo zote za nyumba zikajaa. Shamte alishuka kwenye basi la asubuhi watu wakiwa misani, akaingia kwa mlango wa uani, mzee mwembamba wa kanzu na koti. Akavuta hewa.

"Skola, wali unashika chini," Bi Katarina alisema. "Mbona umekonda hivyo?"

"Kazi tu, Mama."

"Kazi gani? Mgonjwa si nilishakufa."

Skolastika alipunguza moto. Alitamani kuuliza pale pale, jikoni, wakiwa wawili. Lakini jambo la ukoo huulizwa ukoo ukiwepo, naye alikuwa amelelewa vizuri, kwa bahati mbaya. Akampa mzee chai na kumwonyesha kuku.

Ndugu walirudi kanisani wakajaa sebuleni, wazee kwenye makochi, wengine kwenye mikeka. Mjomba Ambrosi alipewa kiti cha mikono. Lukas fundi alikuwepo kwa kuangalia mashine, na Shamte aliketishwa kwenye kigoda kando ya kompyuta, pale zinapokaa spika. Kila mtu alimsalimia. Waliomsikia akijibu kwa sauti ya marehemu walijibu kwa heshima inayostahili, shikamoo mama, shikamoo shangazi, wakasogea kuwapisha wengine wasalimie.

Lukas akabonyeza. Jeneza likatoka mlangoni, likaingia barabarani, na wabebaji wakatembea hatua za kawaida mpaka kaburini. Shamte wa kwenye video alifungua mdomo. Shamte wa kwenye kigoda akafungua wake. Sauti ikatoka kwa wakati wake, na picha ikaenda nayo bega kwa bega.

"Kornelio! Acha kupiga picha na simu, njoo mbele nikuone. Mmenivalisha viatu vinavyobana, nani alivichagua? Agnes, wewe huna jicho la viatu. Sasa sikilizeni, nimenyamaza sana, mdomo umeniuma kwa kunyamaza. Nyumba yangu ya Rasbura ni ya Skola. Skola ndiye aliyenigeuza. Nyie wengine mlikuwa mkinipungia mikono kwenye kompyuta, na mimi sauti ya kuwajibu sina. Nyumba ni ya Skola. Haya, zikeni, jua kali."

Makaburini watu wakacheka. Sebuleni nao wakacheka, mahali palepale, kicheko kilekile, mpaka ikawa vigumu kujua kipi kinatoka kwenye spika. Mama wa gauni la kitenge, aliyekuwa amekaa mkekani siku hiyo kwa gauni jingine, alipiga mapaja na kusema Shamte ni balaa.

Skolastika alikuwa amesimama mlangoni na sinia la vikombe. Alifurahi. Kusema kweli alifurahi mpaka akaegemea mwimo wa mlango. Aliona kwamba lililokosa njia limepata njia, limesikika na kila mwenye masikio, na mwenye kulikanusha hayupo. Akaanza kugawa chai.

Kweli hakuna aliyelikanusha. Video ilipokwisha, Kornelio aligeukia kigoda, akaweka kikombe chini.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba, baba."

"Tuna tatizo la mpaka kule shamba la Nyangamara. Jirani amesogea, anasema mpaka ni kwenye njia. Wewe unasemaje?"

"Mwongo huyo, na baba yake alikuwa mwongo. Kuna mkorosho uliopinda, umelalia upande wa mashariki. Chini yake kuna jiwe jeupe, nililifukia mimi na marehemu mume wangu. Chimbeni hapo."

Kornelio alitoka barazani, akampigia simu mtunza shamba. Wakati wakisubiri, Agnes aliuliza kama Mama amemsamehe kwa kutofika hospitali, na Mama akasema amemsamehe, ila viatu hajasamehe. Agnes akalia na kucheka pamoja. Mjomba Ambrosi aliondoa kofia yake.

"Dada," alisema, "yule mbuzi."

"Mbuzi yupi?"

"Yule wa baba. Niliyesema ameliwa na chui."

"Nilikuona ukimuuza, Ambrosi. Nilikaa kimya kwa kuwa ulikuwa mdogo. Kunywa chai yako."

Mzee aliinamisha kichwa, akanywa chai yake, machozi yakidondokea kikombeni. Miaka yote ile alikuwa na mzigo wa mbuzi.

Simu ya Kornelio ikalia. Mtunza shamba alikuwa amechimba chini ya mkorosho uliopinda, jiwe lipo, jeupe, kubwa kiasi cha kukalia mtu. Sebule nzima ikashangilia. Kornelio alimshika Shamte mkono kwa mikono yake yote miwili, akamshukuru mama yake kwa kuokoa shamba.

"Hamna shida," Bi Katarina alisema. "Na nyumba?"

"Nyumba gani, Mama?"

"Hii mliyokalia. Nimesema ni ya Skola. Mwaka mzima mnangoja nini?"

Kornelio alitabasamu. Hakuwa mtu katili. Alikuwa na tabasamu zuri, la mama yake. Akawageukia ndugu.

"Hapo Mama anatania," alisema.

Ndugu wakacheka, kwa kupumua zaidi kuliko kwa kufurahi. Skolastika aliweka sinia juu ya meza. Akamtazama Agnes, na Agnes akatazama ndani ya kikombe chake. Akamtazama Mjomba Ambrosi.

"Mjomba," alisema, "sauti si ni ileile?"

"Ni ileile, mwanangu. Nani anabisha? Nimezaliwa nikiisikia."

"Na jiwe mmelikuta."

"Tumelikuta." Mzee alirudisha kofia kichwani, akaiweka sawa, maana sasa alikuwa anasema kama mjomba. "Sikiliza, Skola. La jiwe amesema marehemu. La mbuzi amesema marehemu, na Mungu amlaze pema, amenipa amani. La nyumba lilisemwa makaburini, kwa mdomo wa mtani, amevaa kanga, na watu wakalicheka. Neno likishachekwa na watu wazima haliwezi kurudi kuwa shauri. Tukianza kugawa mali kwa maneno ya mtani, kila ukoo wa pwani hii utalala nje."

"Lakini ndiye yeye amelisema tena sasa hivi. Hapa."

"Naye amekaa wapi? Kwenye kigoda cha mtani."

Lukas fundi alikohoa pembeni. Alisema, kwa upole wake, kwamba kwa upande wa kitaalamu sauti ya jiwe na sauti ya nyumba ni moja, haikubadilika popote, angeweza hata kuwaonyesha kwenye kioo mistari yake ilivyo. Mjomba Ambrosi alimsikiliza mpaka mwisho, akamshukuru kwa kazi nzuri, akaagiza apewe chakula.

Skolastika aliumia. Aliumia kuliko siku ya msiba, kwa sababu siku ya msiba alijua nani amekufa. Alitaka kupiga kelele, amwage chai, awaambie kwamba wao ndio wanaotania, wote, kuanzia mwenye kofia. Alimtazama Shamte, na macho ya Shamte, ambayo yalikuwa ya kwake mwenyewe, yalijaa huruma, lakini mzee hakuwa na sauti ya kuisemea.

Chakula kikaletwa, watu wakala. Walisifu wali. Walipomaliza kunawa, Kornelio alisimama na kusema kwamba mwaka umetimia, mafundi wa ujenzi wanakuja Jumatatu kupima vyumba, na dada Skola ukoo unamshukuru sana kwa yote, Mungu ndiye atakayemlipa. Kwa sasa akae kwa jirani, kwa Mama Rosemary, ambaye ana chumba cha uani. Akanyoosha mkono apokee ufunguo.

"Sikubali!" Bi Katarina alisema kutoka kwenye kigoda, kwa ile sauti ya kuitia wateja, mpaka vikombe vikalia mezani. "Kornelio, sikubali! Nyumba yangu, jasho langu, sikubali!"

Sebule ikaangua kicheko. Walicheka wazee kwenye makochi, wakacheka wa mikekani, mama wa kitenge akaanguka ubavu akiomba Shamte aache jamani, mbavu zinauma. Mjomba Ambrosi alicheka akitikisa kichwa. Kornelio alicheka na mkono wake ukiwa bado umenyooshwa.

Kisha wakamtazama Skolastika, maana alikuwa peke yake hajacheka, na mtani hanuniwi. Bi Katarina mwenyewe ndiye aliyemfundisha hivyo, alipokuwa mdogo, kwa kofi.

Skolastika akacheka. Alicheka vizuri, kwa sauti, meno yakionekana, mpaka wote wakaridhika. Halafu akafungua fundo la kanga yake, akatoa ufunguo, akamkabidhi.